Mwosha Gari Naye Ni Fundi

Kazi mbi si mchezo mwema. Hayo ni maneno ya wazee wetu, na hapana mtoto wa pwani asiyeyajua. Lakini kujua si kufuata. Mwambie leo mzazi wa Mji wa Kale, au wa Majengo, au wa Lamu, kwamba mwanawe ameamua kuosha magari ya watu kwa ujira, utamwona ameinamisha kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. Atauliza: "Yaani nimemsomesha miaka yote ile aje ashike tambara?" Na mzazi huyo huyo, ifikapo Alhamisi jioni, hulipeleka gari lake likaoshwe ili Ijumaa aende nalo msikitini liking'ara. Siku ya harusi ya bintiye hatakubali kabisa bibi arusi apakiwe katika gari lenye vumbi. Basi kazi twaitaka, lakini mwenye kuitenda twambeua. Je, huo ni uadilifu?

Katika makala haya nataka kuitetea kazi hiyo. Sisemi kwamba ni kazi ya kujishikiza tu hadi ipatikane iliyo bora. Wasemao hivyo ni wengi na hawaisaidii. Nisemalo ni kwamba kuosha na kunadhifisha magari ni ufundi kamili, wenye elimu yake, adabu yake na amana zake, na kwamba kijana anayetaka kuianza anapaswa kuyatanguliza hayo matatu kabla ya kufikiria mkopo na mashine. Akiyakosa hayo, atakuwa mharibifu wa mali ya watu na wa maji ya Mwenyezi Mungu. Akiyapata, hapana wa kumcheka.

ITUMBE NA SISI

Mfano wangu nitautoa mbali na bahari, Itumbe, katika nyanda za juu za Wagusii. Huenda msomaji wa Lamu au wa Vanga hajapata kulisikia jina hilo. Itumbe imo katika kaunti ya Kisii, nchi ya vilima, migomba na chai, na kiwanda cha majani chai kiitwacho kwa jina hilo hupokea majani ya wakulima wadogo wadogo. Mvua ya nchi hiyo hupita milimita 1500 kwa mwaka, ilhali Mombasa hupata kama milimita 1000 hivi. Udongo wake ni mwekundu, na ukilowa hushika kama ulimbo. Gari likitoka barabara ya muramu siku ya mvua, hutalijua rangi yake.

Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ardhi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani watu 957 katika kila kilomita moja ya mraba. Jirani yake Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Shamba alilolima babu peke yake liligawiwa wana, na wana wakawagawia wajukuu, hata mjukuu wa leo akirithi hupata mistari michache tu ya migomba. Kijana kama huyo hawezi kuishi kwa jembe pekee, apende asipende. Sharti atafute kazi ya mikono isiyohitaji eka.

Sababu ya pili ni magari yenyewe. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na tangu hapo bodaboda zimeenea hata vijijini. Nazo Toyota Probox zimekuwa ndio ngamia wa nchi ile. Hubeba abiria, ndizi, mboga na magunia, na hupanda vilima ambavyo gari jingine lingesita. Mahali penye vyombo vingi namna hiyo, na tope jingi namna hiyo, kazi ya usafi haikosekani.

Wala magari hayo si mageni kwako, msomaji. Mengi yao yalishushwa kwanza Kilindini, yakitoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, kwa kuwa sheria ya Kenya huruhusu gari la mtumba lisilopita miaka minane. Gari laingia nchini likiwa limekwisha kuzeeka kidogo, nasi twataka lituchukue miaka kumi au ishirini mingine. Gari la namna hiyo lahitaji mtunzaji. Huo uso wake ukiachwa, kutu haichelewi.

NGUVU SI UFUNDI

Watu hudhani kuosha gari ni maji na nguvu. La. Nguvu ndiyo iharibuyo. Rangi ya gari la siku hizi hufunikwa na ganda jembamba lisilo na rangi, mfano wa vanishi juu ya kabati, na unene wa ganda hilo haufiki unene wa unywele wa kichwa. Vumbi la muramu ni chembe za mawe. Mwanagenzi asiyefunzwa hushika tambara kavu akalisugua gari lenye vumbi, akidhani anafuta uchafu, kumbe anapiga msasa. Jioni mwenye gari hufurahi. Kesho jua likitoka huona mistari imezunguka zunguka juu ya boneti kama utando wa buibui, na mistari hiyo haiondoki kwa sabuni.

Kwa hiyo somo la kwanza ni subira. Maji humwagwa kwanza, tope lilainike na kuanguka lenyewe, kabla mkono haujagusa. Huanziwa juu, katika paa, na kushuka, kwa sababu mchanga mwingi hukaa chini. Huwekwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, mchanga uliotolewa garini usirudishwe garini. Kitambaa cha magurudumu ni cha magurudumu tu. Kitambaa kilichoanguka chini hakirudi kazini hadi kifuliwe, hata kikionekana safi. Gari huoshwa kivulini, kwa kuwa juani sabuni hukauka ikaacha madoa. Na sabuni ya unga ya kufulia nguo, ambayo ndiyo wengi huanza nayo kwa urahisi wake, huondoa nta iliyopakwa kulinda rangi. Mwenye gari hulipa kusafishiwa, kumbe amevuliwa nguo.

Injini ina masharti yake. Haioshwi ingali moto. Betri, mahali pa kuvutia hewa na nyaya za umeme hufunikwa kwanza. Wako walioosha injini ikang'ara kama sahani, lakini ufunguo ulipozungushwa gari halikuitika, wakaanza kutafuta makanika wa kumlipa kwa fedha ambazo bado hawajazipata. Ndani ya gari nako kuna elimu yake. Zulia likiloweshwa na kufungiwa kabla halijakauka hutoa uvundo usiotoka, na katika nchi ya mvua kama Itumbe jambo hilo ni rahisi mno kutokea.

Kisha kuna polishi na kuna nta, na asiyejua tofauti yake asiguse gari la mtu. Polishi ya kuondoa mikwaruzo hula lile ganda la juu. Kila ikipigwa, ganda hupungua. Nta haili, hufunika. Nta isifiwayo zaidi na mafundi duniani hutoka katika majani ya carnauba, mti wa jamaa ya mnazi na mkoche uotao kaskazini mashariki mwa Brazili. Mwanagenzi akitaka kujifunza polishi, na aende gereji akanunue boneti kuukuu lililotupwa, alisugue hilo hadi mkono uzoee. Asijifunzie juu ya mali ya mteja. Kinyozi hajifunzii kichwani mwa mteja aliyekuja na fedha zake.

ELIMU HII NI YETU

Sasa niulize: elimu hii ni ngeni kwetu? Hebu tukumbuke vyombo vya bahari. Jahazi lilipwelezwa ufukoni, maji yakipwa likasuguliwa ubavu na chini, likatolewa makombe na ukoga. Kisha chini likapakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Juu mbao zikapakwa sifa, mafuta ya papa, zisipasuke kwa jua na chumvi. Kazi hiyo ilinuka, ilichafua nguo, na ilifanywa mtu ameinama tangu maji kupwa hadi maji kujaa. Ni nani aliyemcheka mtu huyo? Nahodha alijua kwamba lau kazi ile haikufanywa sawasawa, mali na roho zingepotelea baharini. Mtunza gari ni ndugu wa mtunza jahazi. Kilichobadilika ni chombo.

Litazameni na neno lenyewe msasa. Watoto wa leo hulijua kama karatasi ya dukani. Asili yake ni mti wenye majani yakwaruzayo, ambayo maseremala wetu walisugulia mbao. Mlango wa Lamu au wa Unguja haukung'ara kwa kuchongwa tu. Ulisuguliwa, ukapakwa mafuta, ukasuguliwa tena.

Wagusii nao wana shule yao. Huko Tabaka, kusini mwa kaunti hiyo hiyo ya Kisii, ndiko lichimbwako lile jiwe laini ambalo bakuli na sahani zake mumeziona katika maduka ya watalii Mombasa na Malindi. Jiwe likisha kuchongwa huwa bado halina sura. Husuguliwa ndani ya maji kwa msasa mkali, kisha wa wastani, kisha laini, na aghalabu kazi hiyo ya kusugua hufanywa na akina mama. Mwisho hupakwa nta, ndipo mng'ao ukatoka. Msomaji aone: maji, msasa wa daraja mbali mbali, nta. Hatua hizo hizo ndizo afuatazo fundi wa Ulaya au Japani anaporudisha uso wa gari la thamani. Kijana wa Kisii hana haja ya kuvuka bahari kuitafuta elimu; imo mikononi mwa mama zake. Linalokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba hiyo ni elimu.

Wala jina mwosha lisitutie haya. Sisi Waislamu twajua kwamba mwosha huoshwa. Yule anayemwosha maiti wetu twamheshimu, twamwita kwa adabu, wala hapana asemaye kuwa kazi yake ni duni kwa kuwa ameshika maji na kitambaa. Twamheshimu kwa sababu aijua taratibu, aitunza siri, na mkono wake ni mpole. Mambo hayo matatu ndiyo yatakiwayo kwa mwosha wa gari pia.

MAJI SI YA BURE

Nimefika mahali penye uzito. Itumbe, kama mahali pengi penye mito, njia rahisi ya kuanza kazi hii ni kushuka mtoni. Maji hayalipiwi, hayakatiki, na pikipiki yaweza kuingizwa hadi katikati. Kijana haoni hasara yoyote. Lakini gari halitoi tope tu. Hutoa mafuta ya injini, grisi, vumbi la breki na sabuni. Hayo yote huteremka na maji. Mita mia chache chini yupo mama anayeteka maji ya kupikia, na ng'ombe anayekunywa. Vijito vingi vya nchi ya Wagusii huishia katika mto Gucha, ambao ukishuka kwa Wajaluo huitwa Kuja, na mto huo huingia Ziwa Viktoria. Kijana aoshae pikipiki moja hufikiri amechafua kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na uchafu nao hufuata hesabu hiyo hiyo.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yakataza kuchafua maji, na kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza shughuli za namna hiyo katika ukingo wa mto, tangu mita 6 hata mita 30 kwa kutegemea upana wake. Sheria ya maji ya mwaka 2016 nayo yataka kibali kwa mwenye kuvuta maji ya mto kwa pampu kwa ajili ya biashara. Lakini askari wa sheria hafiki kila kijito, na mimi sipendi kumfanya kijana awe mwema kwa kuogopa askari tu.

Dini yetu imetangulia. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Basi mtu mzima, kichwa hata miguu, alijitoharisha kwa maji yasiyojaza ndoo ndogo, naye ni kipenzi cha Mola. Aidha tumekatazwa kukojoa katika maji yaliyotuama, na kuchafua mahali watu watekapo maji kumehesabiwa miongoni mwa mambo yaletayo laana. Mwislamu hana udhuru wa kusema: mto ni mkubwa.

Na tufanye hesabu ya kidunia pia. Mpira wa maji ukiachwa wazi dakika kumi waweza kumwaga zaidi ya lita 100. Fundi mwenye ndoo zake mbili na kopo la kumwagia humaliza gari dogo kwa lita 60, na pikipiki kwa lita 20 au pungufu. Sasa tazama neema ya Itumbe. Kijana akijenga kibanda chenye bati la mita 5 kwa 4, na mvua ni milimita 1500, juu ya bati hilo zitaanguka lita 30,000 kwa mwaka. Punguza zinazopotea, punguza zinazofurika pipa likijaa. Hata zikibaki lita 18,000, ni maji ya magari 300. Hapo hapana mto uliochafuliwa, hapana pampu, hapana kibali. Mtaji wake umeteremshwa kutoka mbinguni, yeye akinge tu.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hilo walipojenga mabirika ya misikiti na kukinga maji ya mapaa. Mombasa ya leo huletewa maji ya Mzima kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, bomba la tangu miaka ya 1950, na bado kuna mitaa inayonunua maji kwa mitungi ya mkokoteni. Mwosha gari wa Mombasa amwagaye maji ovyo amwaga kilichokosekana nyumbani kwa jirani yake.

Maji machafu nayo sharti yapewe njia. Mahali pa kuoshea pawe mbali na mto, pamesakafiwa au pametandikwa kokoto, na mfereji uingie katika shimo la kwanza ambamo tope hutua. Kutoka hapo maji yaingie shimo la pili ambamo mafuta huelea juu yakachotwa, na yanayobaki yazame katika shimo la mawe. Kazi hiyo ni ya jembe, simenti kidogo na siku chache. Haihitaji mhandisi.

AMANA YA UFUNGUO

Mtu akikupa ufunguo wa gari lake amekupa amana. Ndani mna karatasi, sarafu, miwani, viatu vya mtoto, pengine dawa za mgonjwa. Mwanagenzi na awe na daftari: gari limekuja saa ngapi, lina mkwaruzo gani tangu kuja, kimeonekana nini ndani. Kitu kikiokotwa chini ya kiti, kiwe sindano au noti, kiwekwe mahali pamoja na kukabidhiwa mwenyewe. Asiliendeshe gari la mtu bila leseni na bila idhini, hata kwa kulisogeza kivulini. Bei isemwe kabla ya ndoo kujazwa, siyo baada. Sifa ya mtu katika mji mdogo kama Itumbe huenda mbio kuliko bodaboda. Noti moja iliyopotea itamfungia wateja mia.

Lakini amana ina pande mbili. Wako wenye magari ambao huchukua gari safi na kusema, "Nitakuona kesho." Kesho huwa mwezi. Tumefundishwa kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na mwosha gari ndiye ambaye jasho na maji yamechanganyika mwilini mwake hata hayatambulikani. Asiyeweza kulipa na apande gari lake na vumbi lake. Si aibu. Aibu ni kung'ara kwa jasho la mwenzio usiyemlipa.

MASHINE AU MWALIMU?

Wapo washauri wamwambiao kijana achukue mkopo, anunue mashine ya kurusha maji kwa nguvu na ya kuvuta vumbi, ndipo aanze. Mimi nasema wamempa paa kabla ya ukuta. Mashine hiyo mikononi mwa asiyejua hubandua rangi iliyokwisha kulegea, huingiza maji mahali pa umeme, na deni hulipwa hata wiki ambayo mvua imenyesha siku saba na wateja hawakuja. Aanze na pikipiki, ambazo ni nyingi, ndogo, na kosa lake ni dogo. Kutoka hapo aende kwenye Probox, kisha viti na mazulia, na polishi iwe ya mwisho. Mashine aje ainunue kwa fedha ya kazi, akiwa ameshajua aitakia nini.

Bora zaidi ni kuwa mwanagenzi kwa fundi mwenye sifa. Kwetu kijana alikaa na fundi wake hadi mkono wake ukakubaliwa, akatoa kilemba, akafunguliwa. Leo kuna halmashauri ya taifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, ambayo huwapima mafundi wa kazi mbali mbali na kuwapa daraja ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mtunza magari naye astahili kupimwa kwa njia hiyo, apate karatasi ya kumwonyesha mwenye hoteli au mwenye kampuni ya magari ya kukodi.

Na ajue siku zake. Kwetu gari huoshwa kwa ajili ya Ijumaa. Wasabato ni wengi Kisii na Nyamira, na Msabato hataki kazi ifanywe baada ya jua la Ijumaa kutua. Basi kijana wa huko sharti awe tayari Ijumaa tangu asubuhi. Fundi huijua ibada ya mteja wake kama aijuavyo rangi ya gari lake.

Najua lipo lalamiko moja la wazazi ambalo si la kudharauliwa. Katika miji mingi ya Kenya mahali pa kuoshea magari pamegeuka vilabu: gari laoshwa huku mwenyewe analewa, na muziki hauzimwi. Mzazi akihofia kumpeleka mwanawe huko, nami namwunga mkono. Lakini dawa yake si kuiacha kazi. Samaki akiuzwa karibu na kilabu, hatuachi kula samaki. Twafungua soko letu. Mahali pa kuoshea magari penye benchi, kahawa na kashata, gazeti la siku, na mahali pa kuswalia, pangejaa watu Mombasa, na hata Kisii mjini ambako Wanubi na Waislamu wengine wamekaa miaka mingi.

Na kwetu kuna jambo ambalo Itumbe haina: chumvi. Hewa ya bahari hula chuma mchana na usiku. Gari la pwani lisilosuuzwa chini huoza kabla ya gari la bara. Maana yake, kazi hii sisi twaihitaji kuliko Wagusii, na vijana wa kuifanya twanao barazani, wamekaa tangu asubuhi wakingoja kazi ya ofisi ambayo haijatangazwa.

Basi mzazi, mwanao akikujia na ndoo mkononi, usimwulize watu watasema nini. Mwulize atamwaga wapi maji yake, ameweka wapi daftari lake, na ni fundi gani atakayemfunza. Akiwa na majibu, mpe shilingi ya kitambaa cha kwanza na umwombee baraka. Nasi wenye magari, tumlipe siku hiyo hiyo. Wabillahi tawfiq.